STM32WLE5: chipu yenye kigeuzi na redio pamoja, na mahali umeme unapovujia

Ukurasa wa kwanza wa datashiti ya STM32WLE5 unatamanisha: 1.07 µA chipu ikiwa imelala katika Stop 2 (hali ya usingizi mzito) huku saa yake ikiendelea kuhesabu, 4.82 mA ikisikiliza LoRa (redio ya umbali mrefu inayotumia umeme kidogo), 15 mA ikirusha kwa 10 dBm (kipimo cha nguvu ya redio), 87 mA ikirusha kwa 20 dBm. Namba hizo ni za kweli na zinafikika. Lakini mtu anayeagiza moduli ya kwanza anayoiona, akaiwekea betri na kihisi, mara nyingi hapati hata nusu ya faida hiyo. Chipu yenyewe ina alama za juu. Umeme unapotea pembeni yake: kwenye rezista za kugawia volti, kwenye tawi la antena lisilofaa, na kwenye programu inayosahau kuilaza redio.

STMicroelectronics iliitangaza chipu hii mwanzoni mwa 2020 ikiwa ya kwanza kuweka redio ya LoRa na maikrokontrola kwenye silikoni moja. Redio imetokana na familia ya SX126x ya Semtech, kwa hiyo aliyewahi kuandika programu ya SX1262 atazikuta amri zilezile, ila safari hii SPI, njia ya mawasiliano kati ya prosesa na redio, iko ndani ya chipu. Pembeni ya redio kuna Cortex-M4 ya 48 MHz, flashi ya KB 256, RAM ya KB 64, kigeuzi cha analogi kwenda dijitali (ADC) cha biti 12 chenye uwezo wa sampuli milioni 2.5 kwa sekunde, DAC (kigeuzi cha kinyume) ya biti 12 na vilinganishi viwili vinavyotumia umeme kidogo sana. Redio inafanya kazi kuanzia 150 hadi 960 MHz, na chipu nzima inakubali 1.8 hadi 3.6 V.

Kigeuzi

ADC yake ni ya aina ya SAR, inayokaribia jibu hatua kwa hatua. Volti ya nje inakamatwa kwenye kundi la kapasita ndogo, kisha kilinganishi kimoja kinauliza maswali 12 mfululizo: je, iko juu au chini ya nusu? Juu au chini ya robo? Kila jibu linabadilisha chaji kwenye kapasita moja. Njia hii ya kugawana chaji ilielezwa na McCreary na Gray wa Berkeley mwaka 1975, na bado ndiyo inayotawala kwenye vifaa vya betri, kwa sababu haihitaji amplifaya inayonyonya mkondo muda wote. Ikimaliza kuuliza, inanyamaza, na mkondo unashuka pamoja na idadi ya sampuli.

Mbona basi wabunifu wasiweke biti 16 moja kwa moja? Kinachozuia ni kelele ya joto. Kila biti ya ziada inataka kelele ipungue nusu, na kelele hiyo inapungua kwa kipeuo cha pili cha kapasita, kwa hiyo ukubwa wa kapasita lazima uwe mara nne, na nishati ya kuijaza mara nne vilevile. Biti 12 ni mahali pazuri pa kusimama kwa chipu inayolala muda mwingi.

Kosa la kawaida liko kwenye mguu wa kuingizia. Kapasita ya ndani ni takriban 5 pF na lazima ijae katika muda wa kusampuli uliouchagua. Tuseme unapima betri kwa kugawanya volti kwa rezista mbili za 1 MΩ. Chanzo kinaonekana kama 500 kΩ, kwa hiyo muda wa kujaza ni 2.5 µs, na ili ufikie nusu hatua ya biti 12 (hatua ni tofauti ndogo kabisa ambayo kigeuzi kinaiona) unahitaji mara tisa ya hapo, yaani 22.5 µs. ADC ikienda kwa 35 MHz, muda mrefu kuliko yote unaoruhusiwa ni mizunguko 160.5, ambayo ni 4.6 µs tu. Matokeo yake namba inatoka na kosa, na inabadilika kutegemea mguu uliosomwa kabla yake. Wengi hapo huilaumu ADC bure.

Dawa ya haraka ni kapasita ya 100 nF kati ya mguu na ardhi. Sampuli moja inachukua sehemu moja kwa 20,000 ya chaji yake, chini ya nusu hatua. Lakini ukikusanya sampuli 256 mfululizo, hali mbaya kabisa inafika asilimia 1.3, na kapasita hiyo inajazwa tena polepole kupitia 500 kΩ.

Tena rezista hizo mbili zina deni jingine: kwenye betri ya 3.6 V zinakula 1.8 µA mchana na usiku, zaidi ya chipu yenyewe inapolala. Afadhali utumie 10 kΩ mbili na MOSFET ya P (transista inayotumika kama swichi) inayowashwa na mguu wa chipu wakati wa kupima tu. Chanzo kinakuwa 5 kΩ, kujaza kunahitaji karibu 0.23 µs, na mizunguko 12.5 inatosha, chagua 19.5 upate nafasi ya ukinzani wa swichi ya ndani. Zikiwashwa zinakula 180 µA, ila kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama unachotaka ni volti ya betri pekee, acha yote hayo: chipu ina njia ya ndani inayoigawanya VBAT (volti ya betri) kwa tatu, na haihitaji rezista hata moja.

Rejea ya ADC kwa kawaida ni VDDA, volti inayolisha sehemu ya analogi. Kifaa kisichokuwa na regyuleta kinaona VDDA ikishuka kadiri betri inavyochoka, na kipimo cha kihisi chenye volti yake huru kinapanda bila sababu. Soma VREFINT (volti ya rejea ya ndani isiyobadilika) katika kila mzunguko, uilinganishe na namba iliyoandikwa kiwandani ndani ya chipu, upate VDDA halisi. VREFINT inataka angalau 4 µs za kusampuli. Hapa ni mizunguko 160.5 au upunguze saa ya ADC. NTC (rezista inayobadilika kwa joto) au potenshiometa inayolishwa na VDDA ileile haina shida hii, kwa kuwa juu na chini vinashuka pamoja.

Kuna pia kikusanya sampuli cha maunzi: hadi sampuli 256, kisha inasukuma biti kulia bila kumsumbua prosesa. Kila mara nne ya sampuli inaongeza biti moja, kwa hiyo 256 inakupeleka kutoka biti 12 hadi 16, kwa karibu 0.1 ms kasi ikiwa ya juu kabisa. Sharti lake halitajwi sana: lazima kuwe na kelele ya angalau hatua moja kwenye ishara. Ishara tulivu mno inatoa namba ileile mara 256, na wastani wake ni namba hiyohiyo. Na makosa ya mnyooko wa kigeuzi hayaondoki kwa wastani.

Chukua thamokapo ya K, kihisi cha joto cha nyaya mbili, inayotoa takriban 41 µV kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Hatua moja ya biti 12 kwa 3.3 V ni 0.8 mV, sawa na karibu nyuzi 20. Kwa biti 16 za kukusanya unafika nyuzi 1.2 kwenye karatasi, na kazini huzifikii. ADS1115 ya Texas Instruments kwenye kipimo cha ±0.256 V ina hatua ya 7.8 µV, chini ya nyuzi 0.2. Inakula 150 µA ikifanya kazi na inajizima yenyewe katika hali ya pimo-moja. Kwa thamokapo, mizani ya geji za mkazo, au chochote cha mikrovolti, ongeza chipu hiyo ya nje bila kusita. Kwa unyevu wa udongo, kina cha maji cha 0–3 V, mwanga, NTC na betri, ADC ya ndani inatosha kabisa.

Usipime wakati redio inarusha. Volti inayumba, swichi ya regyuleta inafanya kelele, na sampuli zinaruka. Pima kwanza, hifadhi, ndipo uiamshe redio.

Redio na matawi yake mawili

Hapa ndipo pesa inapopotea. Chipu ina milango miwili ya kurushia. RFO_LP inafika 15 dBm na RFO_HP inafika 22 dBm. Kila mlango una amplifaya yake na unahitaji koili na kapasita zake za kulinganisha na antena.

Tofauti yao haiishii kwenye nguvu. Tawi dogo linalishwa kutoka regyuleta ya swichi iliyo ndani ya chipu, kwa volti ya chini, kwa hiyo mkondo unaotoka kwenye betri ni mdogo kuliko unaoingia kwenye amplifaya. Tawi kubwa linahitaji volti ya juu ili lifike 22 dBm, kwa hiyo linanyonya betri karibu moja kwa moja. Transista zake na mzigo wake vimepimwa kwa 22 dBm; ukiishusha hadi 14, volti kwenye mzigo haiyumbi vya kutosha na nguvu nyingi inageuka joto.

Datashiti za SX1261 na SX1262, ambazo ndizo tawi dogo na tawi kubwa kwa chipu tofauti, zinaonyesha jambo hili waziwazi. Kwa 14 dBm, yaani milliwati 25 hewani, tawi dogo linakula 25.5 mA. Tawi kubwa likiwa na mipangilio ya 22 dBm linakula 90 mA. Likipangwa upya kwa ajili ya 14 dBm, 45 mA. Kwa 3.3 V, ufanisi ni karibu asilimia 30, 8 na 17.

Kama bodi yako ina tawi kubwa tu, angalau panga amplifaya kwa nguvu unayoitaka: SetPaConfig yenye paDutyCycle 0x04 na hpMax 0x07 kwa 22 dBm, 0x03 na 0x05 kwa 20, 0x02 na 0x03 kwa 17, 0x02 na 0x02 kwa 14. Kushusha namba ya nguvu peke yake bila kubadilisha haya ndiko kunakokuacha kwenye 90 mA. Mzigo wa antena nao ulitakiwa ubadilike, lakini hilo ni la mwenye kuchora bodi.

Moduli ya Wio-E5 ya Seeed, ya milimita 12 kwa 12, ndiyo njia rahisi ya kuipata chipu hii kwa mtu asiyeweza kulehemu BGA (chipu ambayo viunganishi vyake viko chini yake). Imeunganisha RFO_HP peke yake. Swichi yake ya antena inaendeshwa na PA4 na PA5: kupokea ni PA4 juu na PA5 chini, kurusha ni kinyume chake. Ukiiambia programu itumie tawi dogo, hakuna kitu kinachofika kwenye antena, wala hakuna ujumbe wa kosa. Kifaa kinaonekana kizima ila geti (kituo kinachopokea) halisikii neno. Kwa mahali panaporuhusiwa 20 dBm na geti liko mbali, uamuzi wao una mantiki. Kwa mtandao wa mpango wa EU868 (masafa ya Ulaya ya karibu 868 MHz), ambako kwa kawaida nguvu haizidi 14 dBm, ni hasara tupu. Mwenye kifaa cha miaka kumi kwa betri moja achore bodi yake na STM32WLE5CC ya UFQFPN48, ambayo inalehemika kwa bunduki ya hewa moto, na aweke tawi dogo. Kuhusu masafa na nguvu unazoruhusiwa, sharti ni la TCRA kwa Tanzania na Communications Authority kwa Kenya, si la mtengeneza moduli.

Ukichora bodi, koili ya 15 µH ya regyuleta ya swichi si ya hiari. Wapo wanaoiacha kwa sababu chipu inafanya kazi pia kwa regyuleta ya kawaida. Inafanya kazi, ndiyo, ila kutoka 3.3 V kwenda karibu 1.5 V zaidi ya nusu ya nishati inaishia kuwa joto: zile 25.5 mA za SX1261 zinakaribia kuwa mara mbili. Na koili ikiwepo, bado programu lazima iamuru matumizi yake kwa SetRegulatorMode, maana chipu inaanza bila hiyo. Ni mstari mmoja wa programu, na kuukosa ni kulipia umeme mara mbili bila kuona dalili yoyote.

Kuhusu saa ya 32 MHz, ukikusudia 22 dBm kwa SF12 (mpangilio wa LoRa wa polepole kuliko yote unaofika mbali zaidi; SF7 ni wa haraka) tumia TCXO, oskileta inayojirekebisha kwa joto. Joto la amplifaya linasogeza kristali ya kawaida, na pakiti ya sekunde moja na nusu ni ndefu vya kutosha mpokeaji aipoteze katikati. Kwa 14 dBm na pakiti fupi, kristali ya kawaida iliyotengwa na ardhi ya shaba inayoizunguka inatosha, nawe unaokoa mkondo wa TCXO. Wio-E5 ina TCXO ndani inayolishwa kupitia PB0. Usipoitaja kwenye programu, redio inakataa kuanza na kuweka alama ya kosa la oskileta.

Kulala

Ukiona mita inasoma miliampea wakati chipu imelala, shuku kwanza ST-LINK, kifaa cha kupakia na kuchunguza programu. Biti za DBGMCU (rejista za debaga) zinaacha saa zikitembea ndani ya Stop ili debaga isikatike. Chomoa waya, ondoa umeme kabisa, rudisha, ndipo upime.

Mshukiwa wa pili ni redio. Stop 2 inamlaza prosesa, haimlazimishi redio. Ikiachwa Standby inakula karibu 0.6 mA, ambayo ni 14.4 mAh kwa siku. Betri ya AA ya lithiamu ya 2600 mAh inakwisha katika miezi sita kwa sababu ya amri moja ya SetSleep iliyosahaulika.

Miguu isiyotumika iweke kwenye hali ya analogi. Na ukihamisha programu kwenda STM32WL55 yenye prosesa mbili, kumbuka kwamba prosesa ya pili usiyoiwasha nayo lazima iandikiwe hali yake ya kulala. Chipu inashuka hadi pale ambapo wote wawili wamekubali, na yule asiyejua chochote anabaki juu.

Hesabu ya siku moja

Ujumbe wa baiti 10 kwenye LoRaWAN (mtandao unaojengwa juu ya LoRa), 125 kHz, unakaa hewani 61.7 ms kwa SF7 na 1482.8 ms kwa SF12. Tuma kila dakika 15, mara 96 kwa siku. Kwa tawi dogo la 14 dBm unatumia 0.042 mAh kwa siku kwa SF7 na 1.01 mAh kwa SF12. Kwa tawi kubwa lenye mipangilio ya 22 dBm iliyoshushwa, SF12 inafika 3.56 mAh. Usingizi wa siku nzima ni 0.026 mAh. Zile rezista mbili za 1 MΩ? 0.043 mAh, zaidi kidogo ya redio nzima ya SF7.

Kuna tundu jingine katika sekunde mbili baada ya kurusha, wakati kifaa kinangoja madirisha ya kupokea. Prosesa ikibaki macho kwa 48 MHz, karibu 3.5 mA, inatumia mara nne ya nishati ya kurusha kwenyewe kwa SF7 na tawi dogo. Weka LPTIM au RTC (saa zinazoendelea wakati wa usingizi) imwamshe, naye alale katikati. Dirisha la pili likiwa SF12 linahitaji kusikiliza angalau alama tano, 164 ms; likiwa SF9, 20 ms. Kama mtandao ni wako, chagua SF9.

Na SF12 kila dakika 15 ni sekunde 142 hewani kwa siku, wakati The Things Network, mtandao wa LoRaWAN wa umma, inaruhusu 30 kwa kifaa. Kuongeza geti moja juu ya mnara wa tangi la maji kunaokoa betri kuliko marekebisho yote ya programu.

Betri za lithiamu-thionili za AA zina 3.67 V zisipokuwa na mzigo, juu kidogo ya 3.6 V ya chipu, na zile za uwezo mkubwa kama LS14500 zinapenda mkondo wa kudumu usiozidi 50 mA. Tawi kubwa kwa SF12 linaziangusha, hasa baada ya miezi ya kukaa kimya zinapojenga utando ndani. Weka kapasita kubwa sambamba nayo, au utumie LiFePO4. Alkalini mbili zinafaa kwa tawi dogo, ambalo linashikilia nguvu yake hadi 1.8 V. Kwa tawi kubwa tarajia kupoteza 2 dB ikifika 2.7 V na 6 dB ikifika 1.8 V.

Kabla ya kulipa

Wio-E5 inakuja na programu ya amri za AT kwa kasi ya 9600, na kwa kupima mawimbi mtaani inafaa sana. Kwa usingizi mfupi tumia AT+LOWPOWER=AUTOON, ukitanguliza baiti nne za 0xFF kabla ya kila amri, la sivyo amri ya kwanza inaliwa. Mtengenezaji anataja 2.1 µA kwa moduli nzima ikiwa imelala. Ukitaka kuweka programu yako mwenyewe itabidi uondoe ulinzi wa kusoma kwa STM32CubeProgrammer, na hilo linafuta ile ya AT moja kwa moja, hairudishwi.

Unaponunua chipu yenyewe angalia tarakimu ya mwisho ya familia. STM32WLE5 na WL55 zina LoRa. WLE4 na WL54 zinafanana nazo kwa miguu na umbo, ila zina FSK, MSK na BPSK (mbinu nyingine za kurusha) tu, na hakuna programu itakayowaongezea LoRa.